Kutoka milimita 114: ninunue darubini ya 200 au ya 300?

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Rau, Moshi, ananiuliza hivi. Kwa miaka miwili amekuwa akitumia darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mahali nuru inapokutana) wa milimita 900, iliyo juu ya stendi ya ikweta, ambayo aliachiwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ameshaona mashimo ya mwezi, pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii, lakini galaksi anazozitafuta humtokea kama ukungu mdogo usio na umbo, na nyingine hazimtokei kabisa. Amejiwekea akiba. Hataki kupiga picha, anataka kuona kwa jicho lake. Anakaa ghorofa ya pili, hana gari, na anauliza kama aruke moja kwa moja hadi milimita 300, ambayo wauzaji huiita ya inchi 12, au achukue ya milimita 200, yaani inchi 8.

Mwalimu, nakushauri ununue ya milimita 200 yenye kitako cha Dobson, yaani sanduku rahisi linalozunguka badala ya stendi, na akiba itakayobaki uigawe kati ya lenzi nzuri za jicho na nauli za kukutoa mjini. Nasema hivyo bila kusitasita ingawa mimi mwenyewe nazipenda mno darubini kubwa, na nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ununuzi wa namna hii watu wengi huufanya mara moja tu kwa miaka mingi.

Nuru inayokusanywa na darubini hutegemea eneo la kioo, wala si upana wake peke yake. Kioo cha milimita 200 kinakusanya nuru mara 3.1 ya kile cha 114 ulicho nacho, na cha milimita 300 kinakusanya karibu mara 7. Ukitazama namba hizo juujuu utaona 300 imeshinda kwa mbali, lakini jicho halihesabu nuru kwa kujumlisha; hulihesabu ongezeko kwa uwiano. Kwa kipimo cha mwangaza wa nyota wanachotumia wanafalaki, kutoka 114 hadi 200 unapata hatua 1.2, na kutoka 200 hadi 300 unaongeza hatua 0.9 tu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mshangao unaoutafuta iko katika ile hatua ya kwanza, na hatua ya pili, ambayo ni ndogo zaidi, ndiyo yenye gharama kubwa na uzito mkubwa.

Nikuonyeshe tofauti hiyo ilivyo machoni. Usiku mmoja wa Juni, uwandani upande wa Longido, tulisimamisha darubini ya 114 na ya 200 bega kwa bega na kuzielekeza zote kwenye Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota la mviringo ambalo mwezi huo, ikifika saa 2 na nusu usiku, huwa limepanda kusini hadi karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa. Katika ya 114 tuliona mpira wa ukungu mweupe, mkubwa, wenye chembechembe pembezoni, kama unga uliomwagika na kusambaa kidogo. Katika ya 200, kwa ukuzaji ule ule, ukungu ulivunjika na kuwa nyota: vumbi la nyota zinazotenganika moja moja, hadi katikati kabisa, nyingi kiasi kwamba mwenzangu aliacha kuzungumza, akabaki ameinama pale kwa dakika nyingi. Kundi hilo lina nyota zipatazo milioni 10, nalo liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 17,000. Nyota zake zinazong'aa zaidi ziko mpakani mwa uwezo wa kioo chako cha sasa, na ndiyo sababu hatua moja ya mwangaza inabadilisha kila kitu.

Kwenye sayari nako utapata faida, ya namna nyingine. Uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana hukua sambamba na kipenyo: kioo cha 114 kinafikia takribani sekunde 1 ya tao, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii, na cha 200 kinafikia 0.58. Cha 300 kingefika 0.39, lakini hapo hewa ndiyo inayokataa, kwa sababu usiku wa kawaida mitetemo ya hewa hairuhusu kuona kitu kidogo kuliko sekunde 1 isipokuwa kwa vipindi vifupi vya utulivu. Wewe uliye Moshi una neema ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Kwa kuwa mji uko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, sayari zikikata mstari wa kati wa anga zinakuwa juu sana, kwa kawaida digrii 60 na zaidi kutoka kwenye upeo wa macho, na nuru yake inapita katika hewa chache kabisa. Mtu wa London humtazama Mshtarii, miaka mingine, akiwa chini kama taa ya barabarani. Wewe unamtazama karibu na utosi kila mwaka.

Sasa galaksi, ambazo ndizo zimekufanya uandike. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Nyota ni nukta, kwa hiyo kioo kikubwa huifanya ing'ae zaidi dhidi ya anga. Galaksi si nukta bali ni doa lililotandazwa, na darubini yoyote, iwe kubwa kiasi gani, haiwezi kulifanya doa hilo ling'ae kwa kila kipande cha eneo lake kuliko linavyong'aa bila darubini. Kinachofanywa na kioo kikubwa ni kukuruhusu ulikuze doa bila kulififisha, na jicho hutambua kitu hafifu kikiwa kikubwa kwa urahisi zaidi kuliko kikiwa kidogo. Lakini anga lenyewe nalo ni doa. Mwanga wa taa za mji uliotawanyika hewani unaingia ndani ya bomba pamoja na nuru ya galaksi, na kioo hakibagui. Ukichota kwa ndoo badala ya kikombe kwenye mto wenye tope, umepata maji mengi, na tope limeongezeka kwa kipimo kile kile. Kwa sababu hiyo, darubini ya milimita 200 iliyopelekwa gizani itakuonyesha galaksi vizuri kuliko ya milimita 300 iliyosimamishwa kwenye ua wako Rau.

Usinikubalie kwa neno langu tu. Unaweza kulijaribu kabla hujatoa hata shilingi moja ya ununuzi. Subiri usiku usio na mwezi. Ikiwa ni kati ya Aprili na Juni, itafute galaksi ya Sombrero kwa darubini yako ya sasa ukiwa nyumbani, kisha siku ya pili au ya tatu uitafute tena kwa darubini ile ile ukiwa mbali na mji. Ikiwa ni kati ya Oktoba na Desemba, fanya hivyo hivyo kwa galaksi ya NGC 253, ambayo hupanda juu kabisa na ni ndefu kama jani la mgomba lililotazamwa ubavu. Kwa kwenda gizani, unaweza kushuka kusini kupita mashamba ya miwa ya TPC kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, ingawa karibu na maji umande huwa mwingi, au upite Boma Ng'ombe na Sanya Juu hadi uwanda wa magharibi ya Kilimanjaro, ambako ni kukavu kwa kuwa mlima umekinga mvua. Walimu hamkosi mwenzenu aliyepangiwa kituo huko, anayeweza kukupa ua wa shule na mahali pa kulala. Mwarifu pia mwenyekiti wa kijiji mapema, na mlinzi kama yupo, kwa sababu bomba refu jeusi lililoelekezwa juu usiku linaweza kueleweka vibaya na mtu asiyejua ni nini. Ukishaliona doa lile lile likiwa na kiini na mabawa mahali ambapo juzi hukuona kitu, utajua fedha zako ziende wapi.

Suala la uzito nalieleza kutokana na niliyoyapitia. Nilikaa na darubini ya milimita 300 mjini Arusha kwa miaka kadhaa. Bomba lake peke yake lilizidi kilo 20, kitako chake kilikuwa karibu hivyo, na urefu wa fokasi wa milimita 1,500 maana yake ni bomba la mita 1 na nusu, pana kiasi kwamba mikono yangu haikukutana vizuri upande wa pili. Daftari langu la kumbukumbu linaeleza lote: kurasa za mwaka wa kwanza zimejaa, na za mwaka wa tatu hazifiki mbili. Anga halikuwa limebadilika. Nilikuwa nikitazama nje saa 2 usiku, naona mawingu yamepasuka, nakumbuka ule mlango na zile ngazi, nasema labda kesho. Darubini ya 200 yenye fokasi ya 1,200 hugawanyika katika mizigo miwili ya kilo kama 10 kila mmoja. Wewe unakaa ghorofa ya pili: utashuka na kitako, utapanda, utashuka na bomba, na umemaliza. Bomba hilo hulala kwenye kiti cha nyuma cha Noah likiwa limefungwa blanketi, na nafasi ya abiria ikabaki.

Anga la Moshi nalo linaamua. Unajua mwenyewe jinsi mlima unavyojifunika tangu asubuhi na jinsi Kibo kinavyojitokeza tena alfajiri. Nafasi nyingi nzuri zitakuja ghafla, kwa saa moja au mbili, mara nyingi saa 10 alfajiri kabla hujaenda shule. Darubini inayotoka nje kwa dakika 5 itazitumia nafasi hizo. Kioo kinene cha 300 huhitaji saa nzima au zaidi kupoa hadi kilingane na hewa ya nje, na kabla hakijapoa picha inachemka kama sufuria.

Umesema pia kwamba stendi yako ya ikweta imekushinda, na umejilaumu kwa hilo. Usijilaumu. Stendi ya aina hiyo inadai mhimili wake mmoja uinuliwe kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali, ukielekezwa kwenye ncha ya mbingu. Kwako wewe ncha hiyo iko digrii 3 tu juu ya upeo wa kusini, nyuma ya nyumba na migomba, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hutaiona huko chini kamwe. Nyota ya Kaskazini ndiyo haichomozi kabisa. Zaidi ya hayo, stendi nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya nchi za latitudo kubwa: skrubu inaishiwa kabla ya kufika digrii 3, au fimbo ya uzito inagonga mguu wa stendi.

Kitako cha Dobson hakina shida hiyo. Kinaitwa kwa jina la John Dobson, mtawa aliyekuwa San Francisco, Marekani, ambaye alitengeneza darubini kubwa kwa vioo vya kusuguliwa kwa mkono, mabomba ya karatasi ngumu na masanduku ya mbao, akaziweka barabarani ili mpita njia yeyote atazame. Mwaka 1968 alianzisha na wenzake kundi la wanafalaki wa kando ya barabara. Kitako ni sanduku linalozunguka kulia na kushoto, na bomba linapanda na kushuka ndani yake. Hakuna umeme wala kupanga ncha. Kina udhaifu mmoja, nao unakugusa wewe kuliko mtu wa Ulaya: kitu kikiwa utosini kabisa, kuzungusha sanduku hakukifuati tena vizuri, na utajikuta unalisukuma huku na huku bila kupata unachotaka. Nebula ya Jabari, kwa mfano, lile wingu la gesi katika kundinyota la Jabari, hupita Moshi digrii 2 tu kutoka utosini. Dawa yake ni kuitazama saa moja na nusu kabla au baada ya kufika juu, kwa kuwa anga huzunguka digrii 15 kila saa, na tofauti hiyo inatosha.

Ziko darubini fupi nene zenye vioo na bamba la kioo mbele, zinazojitafutia vitu kwa mota. Ni nzuri, lakini kwa kipenyo kile kile bei yake ni kubwa zaidi, zinahitaji betri, na bamba la mbele hushika umande upesi. Kwa mtazamaji wa jicho, fedha hiyo ina kazi bora.

Kuhusu kuagiza kutoka nje, uliza kwanza hesabu ya usafirishaji, kwa sababu kampuni nyingi za kusafirisha mizigo kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi pale ukubwa unapozidi uzito. Boksi la sentimita 135 kwa 40 kwa 40, likigawanywa kwa 5,000 kama wafanyavyo wengi, linahesabiwa kama kilo 43 hata kama ndani yake mna kilo 15. Ongeza ushuru na kodi, ambazo wakala wa forodha atakupigia ukimtumia ankara kabla ya kulipia. Mzigo wa pamoja kwa njia ya meli huchelewa, lakini kwa kitu kirefu kama hiki ndio ninaoupendelea.

Ikifika, usiamini kwamba kiwandani walimaliza kila kitu. Darubini yangu ya kwanza ya 200 ilinionyesha kila nyota ikiwa na pembe tatu, na kwa wiki mbili niliamini nimeuziwa kioo kibovu. Kumbe vibanio vitatu vinavyokishika kioo kikuu vilikuwa vimekazwa mno, na kioo kilikuwa kimebanwa hadi kikapinda kidogo kisichoonekana. Nililegeza skrubu za vibanio hadi karatasi ya daftari ikapita kati ya kibanio na kioo bila kukwama. Usiku ule ule nyota zikawa nukta. Anza na kipimo hicho cha karatasi.

Kisha jifunze kulinganisha vioo, jambo ambalo kwa darubini yako ya sasa, yenye fokasi ndefu kwa kipenyo chake, hukulazimika kulijali sana. Tengeneza kifuniko chenye tundu dogo katikati, kitie mahali pa lenzi ya jicho, na uchungulie mchana. Kwanza geuza skrubu za kioo kidogo cha mshazari hadi uvione vibanio vyote vitatu vya kioo kikuu kwa usawa. Halafu geuza skrubu za nyuma ya bomba hadi alama iliyobandikwa katikati ya kioo kikuu iangukie katikati ya kivuli cha tundu lako. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa, na baada ya mwezi dakika 2. Fanya hivyo kila baada ya safari, kwa sababu barabara ya vumbi hulegeza kila kitu. Jua lisipate nafasi ya kuingia kwenye bomba wakati huo, na wanafunzi wasiachwe peke yao na darubini mchana hata kwa dakika moja, kwani jua kupitia darubini hupofusha papo hapo.

Lenzi zako za milimita 25 na 10 zitaingia kwenye darubini mpya iwapo shingo zake zina upana wa milimita 31.7, na zitakupa ukuzaji wa mara 48 na mara 120. Ya kwanza kuongeza iwe ya milimita 30 au 32 yenye uwanja mpana, kwa ajili ya kutafutia na kwa ajili ya vitu vikubwa kama Wingu Kubwa la Magellan na Nebula ya Tarantula iliyomo ndani yake. Ya pili iwe ya milimita 6, itakayokupa mara 200 kwa ajili ya Zohali na Mirihi usiku hewa ikitulia. Usinunue ndogo zaidi ya hiyo, hata ukionyeshwa tangazo la mara 500, kwa sababu hewa haitakuruhusu.

Na jicho lako nalo ni sehemu ya darubini. Lipe dakika 30 gizani kabla ya kutafuta galaksi, simu ikiwa imezimwa au tochi yake imefunikwa kwa nailoni nyekundu ya kukunja mara mbili. Ukifika kwenye kitu hafifu, usikikazie macho. Elekeza macho pembeni yake kidogo, kwa kuwa katikati ya jicho ndiko kulikotengenezwa kwa ajili ya mchana. Usitarajie rangi za picha, kwani galaksi itakuwa ya kijivu katika 200 na katika 300 vilevile. Utakachopata ni umbo: ule mstari mweusi unaoikata galaksi ya Centaurus A, kiini cha Sombrero, mkono wa galaksi unaoonekana, unapotea, unaonekana tena. Chora unachokiona, hata kama huwezi kuchora, kwa maana mkono hulilazimisha jicho kuuliza swali la pili.

Ukirudi nyumbani na bomba limelowa umande, usilifunike. Lilaze chumbani, mdomo ukiangalia chini kidogo, hadi kioo kikauke chenyewe, ndipo utie kifuniko. Usikiguse kwa kitambaa, maana tabaka la alumini ni jembamba mno na kila mfuto ni mkwaruzo. Kipindi cha masika, ambapo darubini inaweza kukaa wiki kadhaa bila kutoka, lifungue mara moja kwa wiki mchana, kivulini, lipate hewa, kwa sababu ukungu wa kuvu hupenda kioo kilichofungiwa na unyevu.

Ile ya 114 usiiuze. Ondoa stendi yake ya ikweta, mwombe fundi seremala akutengenezee sanduku dogo la Dobson kwa vipande vya mbao, na iache shuleni.